Kufunga Tunutu Mzito wa Kuvulia Trauti: Mwongozo Kamili kwa Anayefungia Kigoma

Trauti, samaki wa mito ya maji baridi, hula sehemu kubwa ya chakula chake chini ya maji, karibu na mawe na changarawe, mahali ambapo wadudu wachanga wa majini hutambaa, hung'ang'ania na mara kwa mara huchukuliwa na mkondo. Mdudu mchanga wa namna hiyo, ambaye bado hajaota mabawa ya kurukia, ndiye tunutu. Chambo kinachofungwa juu ya ndoana kwa manyoya, uzi na waya ili kumwigiza kina kazi moja inayotangulia nyingine zote, nayo ni kufika kule chini alipo samaki kabla mkondo haujakipitisha. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaweka uzito mbele ya sura, na katika kila hatua utauliza kwanza kama uzito umekaa mahali pake. Tunutu anayependeza machoni lakini akapita juu ya vichwa vya samaki hana faida, ilhali tunutu wa sura ya kawaida, aliyefungiwa uzito wake vizuri, atapita mbele ya samaki mara nyingi kwa siku.

Trauti hawapo Kigoma wala hawawezi kuwapo. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika huwa na joto la nyuzi 24 hadi 28 hivi za selsiasi, na trauti huanza kutaabika maji yanapopita nyuzi 20. Isitoshe, samaki huyu si wa asili ya Afrika Mashariki. Aliletwa Kenya mwaka 1905, katika enzi za ukoloni, na hadi leo anaishi katika mito ya baridi inayoteremka kutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare. Kwa upande wa Tanzania yumo katika vijito vya nyanda za juu kusini, vikiwamo vile vya uwanda wa Kitulo. Hata hivyo, mahali pa kufungia chambo si lazima pawe mahali pa kuvulia. Kenya imekuwa ikifunga chambo cha aina hii kwa biashara na kukiuza nchi za nje kwa miongo mingi, na wafungaji wengi hawajawahi kushika ufito wa kuvulia trauti. Mkazi wa Ujiji, Kibirizi au Katonga ana jambo la ziada la kuanzia: amekua akiona chubwi, ndoana na mishipi, na anajua kwa mikono yake kwamba chambo kisichozama mahali pake hakileti samaki.

Kabla ya kununua chochote, ni vyema kumwona tunutu wa kweli. Nenda kwenye kijito chenye maji yanayokwenda kasi juu ya mawe, kwa mfano katika vijito vinavyoteremka kutoka vilimani kuelekea mto Luiche, uinue jiwe lenye ukubwa wa kiganja na uligeuze taratibu. Chini yake utaona wadudu bapa au wembamba wenye mikia miwili au mitatu, miguu sita iliyo karibu na kichwa, na juu ya kifua kivimbe cheusi ambacho ndani yake mabawa yanaumbika. Tazama mambo matatu: tumbo ni jembamba na linazidi kuwa jembamba kuelekea mkiani, kifua ni kinene, na rangi haiko sawa mwili mzima, kwa maana juu ni nyeusi kuliko chini. Huo ndio mchoro mzima wa kazi yetu. Fanya hivyo mahali pa maji ya kasi na yaliyo wazi, wala usiingie katika maji yaliyotulia yenye majani, kwa kuwa huko ndiko konokono wa kichocho wanakopenda kukaa, na sehemu za chini za mito yetu zina mamba.

Kuhusu vifaa

Ndoana ndiyo ya kwanza. Chagua namba 12 kwa kuanzia, yenye tundu la kupitishia mshipi na shina lililonyooka lenye urefu wa sentimita moja hivi. Namba ya ndoana hupanda kadiri ndoana inavyopungua, hivyo namba 14 ni ndogo kuliko 12, na namba 10 ni kubwa zaidi. Katika maduka ya zana za uvuvi ndoana ndogo huchanganywa pamoja, na baadhi hazina tundu bali kichwa kilichopondwa kikawa bapa. Hizo zinafaa kwa mshipi wa mkono lakini hazifai hapa, kwa sababu tundu ndilo linalotupa kipimo cha mahali pa kuishia. Jaribu ugumu wa waya wake kwa kuuvuta kidogo kwa ukucha: ndoana inayokunjuka kwa ukucha itakunjuka pia kwa samaki.

Uzi wa kawaida wa cherehani ni mnene mno. Tafuta uzi wa kudarizi wa mashine, ule mwembamba unaong'aa, au chukua uzi wa cherehani wenye nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, uusokotoe na utumie mmoja. Uzi mmoja hukatika kwa urahisi, kwa hiyo upitishe mara mbili tatu juu ya nta ya nyuki kabla ya kuanza. Mkoa wa Kigoma na jirani yake Tabora ni nchi ya asali na nta haikosekani. Nta huupa uzi nguvu, huufanya usiteleze juu ya ndoana, na hushika manyoya yatakapofika wakati wa kuyasokota.

Kwa mkia, tumbo na kifuniko cha kifua tutatumia unyoya wa mkia wa bata mzinga wenye rangi ya kahawia. Kila unyoya una uti wa katikati na nywele ndefu zilizojipanga pande zake mbili, na nywele hizo ndizo tunazozihitaji. Kwa miguu, unyoya wa kanga wa kufugwa, ule mweusi wenye madoadoa meupe, ni mzuri kupita kiasi. Hata wafungaji wa Ulaya huutafuta. Kwa kifua, chukua manyoya ya sungura wa kufugwa, ukichanganya yale laini ya ndani na machache magumu ya nje. Sungura akiwa mweupe, chemsha manyoya yake kidogo katika chai ya rangi iliyokolea nayo yatageuka rangi ya udongo. Ninasisitiza wanyama na ndege wa kufugwa, kwa kuwa kuwinda au kukusanya manyoya ya ndege wa porini bila kibali ni kosa la kisheria, na hakuna chambo kinachostahili gharama hiyo. Osha manyoya yote kwa sabuni, yakaushe kivulini, kisha yafunge ndani ya mfuko usiopitisha hewa, maana wadudu wanaokula manyoya hawangoji.

Waya wa shaba unapatikana kwa mafundi wanaosuka upya mota na transfoma. Omba mabaki ya waya mwembamba wa unene wa milimita 0.1 hadi 0.2. Waya huo umepakwa vanishi kiwandani, kwa hiyo hubaki na mng'ao wake muda mrefu hata ukilowa.

Chombo cha kushikia ndoana ni jiliwa dogo. Asiye nalo anaweza kutumia plaizi inayojifunga ya mafundi pikipiki, akaikaza ukingoni mwa meza kwa klampu ya seremala. Zaidi ya hapo unahitaji mkasi mdogo wenye ncha kali, sindano, ganda tupu la kalamu ya biki, gundi ya papo kwa papo na vanishi ya kucha isiyo na rangi. Taa iwe upande wa mkono usioshika uzi ili kivuli cha mkono kisiangukie kazi.

Uzito: nini, kiasi gani, na wapi

Sehemu hii ndiyo inayotenganisha tunutu anayevua na tunutu wa kutazamwa, na ningependa msomaji aisome kabla ya kugusa uzi.

Metali ya risasi ina uzito wa gramu 11.3 kwa kila sentimita moja ya ujazo, shaba gramu 8.9, shaba ya manjano gramu 8.5 hivi, na tangsteni gramu 19.3. Nambari hizi zinaeleza kwa nini ushanga mdogo wa tangsteni huzama kwa kasi kuliko mzunguko mnene wa risasi, na kwa nini bei yake ni kubwa. Kwa ndoana ya namba 12, waya wa risasi wenye unene wa milimita 0.5 unafaa. Ukizungusha mara kumi utatumia kiasi cha milimita 35 za waya, nao utaongeza takribani gramu 0.08. Mizunguko hiyohiyo ya waya wa shaba wa unene uleule itatoa gramu 0.06. Tofauti yake inaonekana ndogo ikiandikwa, lakini ndani ya maji ya kasi yenye kina cha nusu mita inaamua kama chambo kitagusa changarawe au hakitagusa.

Kanuni nzuri ya unene ni kwamba waya wa uzito usizidi sana unene wa waya wa ndoana yenyewe. Anayeongeza waya mnene ili tunutu azame zaidi hupata mwili mnene, na mwili mnene husukumwa na maji, hukamata hewa ndani ya manyoya, na mwishowe huzama polepole kuliko alivyotarajia. Uzito na wembamba vinakwenda pamoja.

Risasi inapatikana kwa urahisi mahali petu, kwa kuwa chubwi za nyavu na mishipi zimetengenezwa kwayo. Ukikosa waya, weka kipande kidogo cha chubwi juu ya chuma laini, ukiponde kwa nyundo hadi kiwe bapa chenye unene wa karatasi ngumu, kisha ukikate kwa mkasi wa zamani kuwa utepe wenye upana wa milimita moja. Utepe huo ukizungushwa kingo zikigusana bila kupandana hutoa mwili mwembamba kuliko waya, ingawa utahitaji tabaka la pili kifuani ili kufikia uzito unaotakiwa. Usiyeyushe risasi nyumbani, usiikate kwa meno, usiiache mahali watoto wanapoifikia, na nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Risasi ni sumu inayojikusanya mwilini, na watoto ndio wanaoumia zaidi. Uingereza ilipiga marufuku chubwi nyingi ndogo za risasi katika uvuvi wa mshipi mwaka 1987 kwa sababu zilikuwa zikiua batamaji waliozimeza. Anayetaka kuepuka risasi kabisa atumie shaba na akubali kuongeza mizunguko michache. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi bora kwa nyumba yenye watoto wadogo.

Sasa mahali. Uzito ukikaa chini ya kifua, tunutu hutangulia kwa kichwa anapozama, na mvuvi anapokaza mshipi kichwa hicho huinuka. Mwendo huo wa kushuka na kupanda unafanana na wa mdudu anayejitahidi kwenda juu, na trauti huuona. Uzito ukitandazwa shina zima, tunutu huzama akiwa amelala sawasawa, jambo linalofaa katika maji yaliyotulia. Ushanga ukiwekwa kichwani huzidisha ule mwendo wa kutangulia kwa kichwa. Kwa namba 12 ushanga wa milimita 3.3 unatosha, na kwa namba 14 wa milimita 2.8. Mwongozo huu unafuata njia ya kwanza, uzito chini ya kifua, kwa kuwa inafaa maji mengi na haihitaji kununua shanga.

Mtu aliyeufanya uzito kuwa moyo wa chambo hiki ni Frank Sawyer, mlinzi wa mto Avon katika eneo la Wiltshire, Uingereza. Yeye aliacha uzi kabisa, akafunga nywele za mkia wa ndege aina ya fezanti kwa waya wa shaba tupu, waya uleule ukiwa kamba, uzito na kivimbe cha kifua kwa pamoja. Hakuweka miguu, akieleza kwamba tunutu anayeogelea huikunja miguu yake mwilini. Kazi yake inafaa kuigwa kwa nidhamu yake ya kutoongeza kitu kisicho na sababu. Mimi huweka miguu michache kwa ajili ya maji ya polepole, ambamo samaki ana muda wa kutazama, na katika maji ya kasi ninaona Sawyer alikuwa sahihi.

Kufunga, hatua kwa hatua

Anza kwa kukandamiza kijino cha ndoana, kile kinachochomoza karibu na ncha yake, kwa plaizi hadi kilale. Ndoana isiyo na kijino hutoka kwa urahisi katika mdomo wa samaki anayerudishwa majini na katika kidole cha mfungaji pia. Ikandamize sasa na si mwisho, kwa sababu baadhi ya ndoana hukatika zinapokandamizwa, na ni afadhali ikatike ikiwa tupu. Kisha ishike ndoana kwenye jiliwa kwa sehemu ya chini ya mkunjo, shina likiwa sawa na meza.

Zungusha waya wa risasi au wa shaba moja kwa moja juu ya shina, mizunguko kumi iliyobanana, ukianzia nyuma kidogo ya katikati ya shina na kwenda mbele. Kata ncha zote mbili, uzibonyeze kwa ukucha zilale, kisha usukume mzunguko wote hadi uishie milimita 2 nyuma ya tundu. Hizo milimita 2 ni za kichwa na fundo la mwisho, na hazikopeshwi. Nimeona kazi nyingi nzuri zikiharibikia hapo, kwa mfungaji aliyefika mwisho akakuta hana pa kufungia, akalazimika kuziba tundu kwa uzi.

Shika uzi nyuma ya tundu kwa kuuzungusha juu ya ncha yake mwenyewe mara tano, ukipita juu ya shina kwenda mbali nawe na kurudi chini kuelekea kwako. Mwelekeo huo ubaki uleule hadi mwisho. Jenga mteremko mdogo wa uzi mbele ya risasi, vuka juu ya mizunguko ya risasi kwa kuupitisha uzi mshazari, jenga mteremko mwingine nyuma yake, kisha urudi na kuvuka tena. Tia tone moja dogo la gundi na uliache likauke. Sasa jaribu kuzungusha risasi kwa vidole: ikiwa inazunguka juu ya shina, ongeza uzi na gundi, kwa kuwa risasi inayozunguka itaupindua mwili wote samaki wa kwanza atakapouma. Mteremko wa nyuma una umuhimu wa pekee, maana bila huo tumbo litakuwa na ngazi pale risasi inapoishia, na hakuna manyoya yatakayoificha.

Endelea na uzi hadi juu ya mahali ambapo kijino kilikuwa. Kata nywele sita za unyoya wa bata mzinga kwa pamoja, ukiwa umezinyoosha kwanza ziwe wima kwenye uti wake ili ncha zilingane. Zilaze juu ya shina, ncha zikitokeza nyuma kwa nusu ya urefu wa shina, na uzifunge kwa mizunguko minne. Mzunguko wa kwanza uwe mlegevu, wa pili ukaze ukivuta uzi juu na si pembeni. Ukivuta pembeni mkia utahama upande. Usizikate nywele zilizobaki mbele, maana hizo ndizo zitakazokuwa tumbo. Papo hapo funga kipande cha waya mwembamba wa shaba chenye urefu wa sentimita 10, ukiulaza upande wa pili wa shina usionenepeshe juu.

Peleka uzi mbele hadi katikati ya shina. Shika nywele zote sita kwa pamoja, uzisokote kidogo, na uzizungushe mbele kwa mizunguko inayogusana hadi pale uzi ulipo. Zifunge kwa mizunguko mitatu na ukate mabaki. Kisha chukua waya wa shaba na uuzungushe kinyume na mwelekeo wa nywele, mizunguko minne au mitano yenye nafasi sawa. Kwenda kinyume si mapambo. Nywele za unyoya ni dhaifu, na meno ya trauti ni madogo lakini makali. Waya unaopita mshazari juu ya kila mzunguko wa nywele huzishika hata moja ikikatika, ilhali waya unaofuata mwelekeo wao huzama katikati yao usizilinde. Mwisho wa waya uufunge kwa uzi, kisha uukate kwa kuupindapinda hadi ukatike wenyewe, ili usiharibu mkasi.

Kwa kifuniko cha kifua kata nywele nane nyingine za bata mzinga, uzifunge kwa ncha zake juu ya shina pale tumbo linapoishia, zikielekea nyuma juu ya mkia, upande unaong'aa ukitazama chini. Zikikunjwa baadaye kuja mbele, upande huo utakuwa juu. Zibaki zimelala huko nyuma kwa sasa.

Paka nta tena sentimita 5 za uzi ulio karibu na ndoana. Chukua manyoya ya sungura kidogo sana, kiasi ambacho yakiwekwa kwenye kiganja bado unaona ngozi kupitia kwayo, uyatandaze kwenye uzi na uyasokote kwa kidole gumba na cha shahada, ukisokota upande mmoja tu. Anayesokota mbele na nyuma huyafungua tena bila kujua. Kamba hiyo ya manyoya iwe nyembamba mwanzoni na nene kidogo katikati. Izungushe juu ya risasi kutoka kwenye tumbo hadi karibu na zile milimita 2, kifua kikitokeza kuwa kinene mara mbili hivi ya tumbo na si zaidi. Jaribu la kutosha kwa manyoya ni kwamba ukitazama dhidi ya mwanga uone nywele chache zikichomoza pande zote, lakini kiini kibaki kimebana.

Miguu inafuata. Chukua nywele tatu za unyoya wa kanga, uzilaze ubavuni mwa kifua upande wako, ncha zikielekea nyuma na kufika nusu ya tumbo, uzifunge kwa mizunguko miwili. Fanya vivyo hivyo upande wa pili. Miguu ikiwa mirefu kupita hapo, samaki huuma pembeni ya ndoana.

Sasa kunja kifuniko kuja mbele juu ya kifua, ukikivuta kwa nguvu ya wastani ili kilale bila kuchanika, na ukifunge nyuma ya tundu kwa mizunguko mitatu iliyokazwa. Angalia kutoka mbele: kifuniko kiwe juu katikati, miguu ikishuka pande zote mbili. Ikiwa kimehamia upande, legeza mizunguko hiyo mitatu na urudie, kwa sababu baada ya hapa hakuna nafasi ya kusahihisha. Kata mabaki karibu kabisa na ujenge kichwa kidogo kwa uzi.

Kumalizia kunaweza kufanywa kwa ganda la kalamu ya biki. Laza uzi juu ya ganda karibu na ncha yake, uuzungushe mara moja ili upite juu yake mwenyewe, ingiza tundu la ndoana ndani ya mdomo wa ganda, kisha usukume kitanzi kiteleze kutoka kwenye ganda hadi juu ya kichwa cha tunutu, na ukaze. Rudia mara nne. Kata uzi, kisha kwa ncha ya sindano weka tone dogo la vanishi juu ya kichwa. Hakikisha tundu liko wazi kwa kupitisha kipande cha nailoni kabla vanishi haijakauka, kwani baada ya kukauka utalazimika kulitoboa.

Kumjaribu kabla ya kumpeleka mtoni

Kata chupa safi ya plastiki ya lita moja na nusu shingoni, uijaze maji, na umloweshe tunutu kwa kumminya ndani ya maji hadi mapovu ya hewa yaishe. Mwachilie juu na utazame. Anatakiwa ashuke mara moja, kichwa kikitangulia kidogo, ndoana ikiwa chini na mgongo juu. Akizama akizunguka, mkia umekaa upande au miguu ya upande mmoja ni mingi kuliko ya mwingine. Akizama akiwa kichwachini-miguujuu, uzito umelundikana juu ya shina. Akisitasita juu ya maji kabla ya kushuka, manyoya ni mengi, na dawa yake ni kuyachomoa kwa sindano na si kuongeza risasi. Mfunge mwingine mwenye mizunguko sita na mwingine mwenye mizunguko kumi na minne, uwaachilie watatu kwa pamoja, na macho yako yatajifunza katika dakika moja kile ambacho maelezo haya yametumia aya nyingi kukieleza.

Kwa kuwa uzito hauonekani kwa nje baada ya kazi kukamilika, mfungaji makini huuandika kwa rangi ya uzi wa kichwa. Uzi mweusi uwe wa tunutu mwepesi asiye na risasi, wa kahawia uwe wa mizunguko sita, na mwekundu wa mizunguko kumi au zaidi. Anayefunga kwa ajili ya kuuza awape wateja wake mpangilio huo kwa maandishi, kwa kuwa mvuvi aliye mtoni Kitulo au chini ya Mlima Kenya hana chupa ya majaribio, na anahitaji kujua kwa kutazama tu ni yupi wa kidimbwi kirefu na ni yupi wa maji ya kina cha goti.

Mtoni, kanuni ni fupi: mrusho uelekezwe kule mkondo unakotoka, tunutu apewe muda wa kuzama, kisha aachwe aende kwa kasi ya maji bila kuvutwa. Akigusa changarawe mara mojamoja, uzito ni sawa. Akinasa kila mrusho, badilisha umchukue mwepesi. Asipogusa kabisa, mchukue mzito. Wala usitarajie kwamba chambo hiki kitamvutia mgebuka wa ziwani kwetu, ambaye hufukuza dagaa katika maji ya wazi na hana haja na mdudu wa chini ya mawe.

Limebaki jambo moja tu, nalo ni kuhifadhi. Kuanzia Novemba hadi Aprili hewa ya Kigoma ina unyevu mwingi, na ndoana nyembamba hushika kutu hata zikiwa ndani ya kabati. Wakaushe tunutu kwa siku nzima, wapange katika kisanduku chenye mfuniko unaobana, utie ndani yake vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na uwatenge wepesi, wa wastani na wazito kila kundi safu yake.